Karani wa Barua Melini: Mzee Joram Obonyo Aruhusiwa Kwenda Nyumbani

Baada ya kuitumikia Kampuni ya Meli za Mapumziko ya Nyar Nam kwa miaka ishirini na sita, Mzee Joram Obonyo, karani wetu wa barua melini, anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Neno "rasmi" tumeliweka makusudi. Umri wake ulistaafu miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo kampuni imekuwa ikiufikiria.

Kwa wageni waalikwa ambao hawajawahi kupanda MV Nyar Nam, kazi yake ilikuwa hivi. Meli hutoka Kisumu, hupitia Asembo Bay, Mbita, Mfangano na Homa Bay, kisha hurudi Kisumu. Mtu akishakula samaki na kupigwa na upepo wa ziwa, hupatwa na hamu ya kuwaandikia waliobaki nyumbani ili wajue wanakosa nini. Mzee Joram humuuzia postikadi na stempu, humpigia muhuri wa bluu wenye picha ya ngege, samaki wa ziwa letu, na kuitumbukiza kadi katika sanduku jekundu. Asichojua mgeni ni kwamba sanduku hilo halifunguliwi katika bandari yoyote. Huzungushwa ziwa zima, likarudi Kisumu, na Mzee Joram akalibeba hadi posta ya mjini, umbali mfupi kutoka gati ambapo mgeni alipandia. Katika vipeperushi vyetu, huduma hii huitwa "mtandao wa barua wa ziwa zima".

Mzee Joram aliajiriwa kama mfunga kamba. Alihamishiwa kwenye barua kwa sababu nahodha wa wakati huo aligundua kwamba ana mwandiko unaosomeka, kipaji ambacho ofisi yetu haijakipata tena. Dawati lake limebadilishwa jina mara nyingi. Lilianza kama Posta, likawa Kitengo cha Mawasiliano ya Wageni, na sasa kibao cha mlangoni kinasema Kituo cha Kumbukumbu na Hisia. Kila jina lilikuja na kibao kipya na sherehe ya kukifungua. Kiti chake kimebaki kilekile, kile chenye mguu uliofungwa waya.

Wafanyakazi wengi watamkumbuka kwa yale ya mwaka ambao magugu maji yalitushika. Meli ilinasa karibu kabisa na gati, tukaona mji, tukaona magari, tukaona hata jamaa waliokuja kuwapokea wageni wakitupungia mikono. Siku ya pili simu zote zilikuwa zimeisha chaji na wageni wakaanza kuandika barua za kuagana na dunia. Mzee Joram hakumcheka mtu. Alizipokea, akazipiga muhuri moja baada ya nyingine, akaomba mtumbwi wa wavuvi uliokuwa ukipenya kandokando. Barua zikafika gatini na kukabidhiwa wenyewe papo hapo. Akina mama wakazisoma huku wakiwatazama waume zao walioziandika, nao waume wakawa hawajui waangalie wapi. Hiyo ndiyo safari pekee katika historia ya kampuni ambapo barua zilifika kabla ya wasafiri.

Tusisahau mwalimu mkuu mmoja, jina tunalihifadhi, aliyekuwa ameaga nyumbani kwamba yuko kwenye semina Ahero, mji usio na ziwa. Alitaka kumtumia mkewe salamu za semina, ila bila ule muhuri wa ngege. Mzee Joram alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamwambia, "Mwalimu, stampi siwezi acha, hiyo ni kazi. Wewe nunua omena mingi, uende nayo nyumbani, uanze kuomba msamaha mapema." Tunasikia dagaa hao walisaidia kidogo.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, maana kila mtu ukumbini analijua na itakuwa unafiki kulizunguka.

Kwao Mzee Joram ni Asembo Bay. Alipokaribia kutimiza miaka sitini, yeye na mkewe, Mama Akello, nyar Kano, yaani binti wa Kano, waliiachia nyumba ya kupanga ya Migosi, mjini Kisumu. Mama akatangulia nyumbani kupanda mboga na kuezeka jiko, akijua mwenzake yu nyuma yake. Mzee Joram akahamia kulala melini na kuandika barua ya kustaafu. Ofisi ikamjibu kwamba ombi lake linashughulikiwa. Akaandika nyingine. Ofisi ikamwongezea muda "kwa kutambua umuhimu wako", umuhimu ambao haukuwahi kutambuliwa siku ya kununua kiti. Ukweli ni kwamba kumpata wa kumrithi kulihitaji kamati, kamati ilihitaji kikao, na kikao kiliahirishwa kila mara kwa sababu fungu la chai na mandazi lilikuwa halijapitishwa. Subira huvuta heri, alisema Mkurugenzi wetu, Bwana Ondiek, ambaye yeye hulala kwake kila usiku.

Meli hutia nanga Asembo Bay kwa saa moja tu, wageni wanunue samaki. Wafanyakazi haturuhusiwi kushuka. Kwa hiyo kwa miaka mitatu Mama Akello amekuwa akija gatini na kikapu, anamrushia mumewe maneno mawili matatu, anampa kuon, ugali wa kwetu, na samaki wa kukaanga kupitia katikati ya vyuma vya ukingo wa meli, na anasimama hapo mpaka meli iondoke. Mimi ninayeandika haya hukaa mapokezi, na dirisha langu linaelekea upande huo. Niseme wazi kwamba ilikuwa inauma kutazama. Nimewaona watu wakitembelewa gerezani kwa nafasi kubwa kuliko hiyo.

Aprili iliyopita Mama Akello alibadilisha mbinu. Alikuja Kisumu na begi, akasimama mbele ya meza yangu, na akalipia chumba kama mgeni yeyote. Nilipomkumbusha kwamba mke wa mfanyakazi hupunguziwa nauli, alinikata. "Wacha, Salme. Nataka karatasi iandike mgeni. Mke nimekuwa kitambo na hakuna mtu ananisikia." Hapo nilianza kuelewa. Ukutani nyuma yangu umetundikwa Mkataba wa Huduma wa kampuni, na kifungu chake cha kwanza kinasema kwamba malalamiko yoyote ya mgeni yaliyoandikwa yatatekelezwa kabla meli haijang'oa nanga tena. Kuhusu malalamiko ya wafanyakazi, mkataba haukusema neno.

Alikula, akalala, akasifu supu. Tulipopita Mbita akaenda kwenye dawati la mumewe, akanunua postikadi yenye picha ya machweo, na akaandika palepale, bila kujificha. Ilisema hivi: "Bwana Ondiek. Mimi ni mgeni wenu. Chakula ni kizuri, kitanda ni kizuri. Lakini kuna mtu yangu mlichukua na siku zake zimeisha. Naomba mnirudishie. Kama bado mnamtumia, mniambie zamu yangu ni lini. Akello, nyar Kano."

Mzee Joram aliipokea kwa mikono miwili. Angeweza kumpelekea Mkurugenzi mwenyewe tukifika. Angeweza kunipa mimi nimpigie simu. Hakufanya hivyo, kwa sababu kanuni inakataza karani kuiharakisha au kuichelewesha barua ya mgeni, na ukiondoa siku ile ya magugu maji, katika miaka yote hiyo hakuwahi kuivunja. Aliipiga muhuri, akaitumbukiza katika sanduku jekundu, na kadi ya mkewe ikazunguka Mfangano na Homa Bay pamoja na salamu za watalii. Mama Akello alisema baadaye kwamba alikaribia kumtupa ziwani.

Lakini kampuni yetu, inayouza huduma ya barua, haina sanduku la posta. Lilifungwa zamani baada ya ofisi kusahau kulilipia, na Bwana Ondiek, kwa kuwa ni mzee wa kanisa kule Migosi, akatuombea tutumie sanduku la kanisa. Na kanisani wana desturi yao nzuri. Barua yenye bahasha hupewa mwenyewe. Postikadi, kwa kuwa kila mtu ameshaisoma njiani, huhesabiwa kuwa salamu za msharika aliyesafiri, nayo husomwa Jumapili wakati wa matangazo. Sylvia, katibu wa kanisa, aliona picha ya machweo na muhuri wa ngege, akaiweka pamoja na nyingine.

Mimi si wa kanisa hilo, ila nimesimuliwa na watu wengi, na kila mmoja ameongeza chumvi yake. Nimeipunguza. Inasemekana Sylvia aliisoma kwa sauti nzuri, kati ya harambee ya mabati na mazoezi ya kwaya, na alipogundua anasoma nini alikuwa ameshafika kwenye "naomba mnirudishie", mahali ambapo mtu hawezi kukatiza. Bwana Ondiek alikuwa kiti cha mbele. Akina mama wote waligeuka kumtazama, na mmoja akauliza, bila kunong'ona, "Kwani huyu mzee alifungwa?" Mchungaji akasema tuombe. Yasemekana maombi yalikuwa marefu na yalimtaja mwajiri mara kadhaa.

Jumatatu asubuhi, kabla meli haijang'oa nanga, kama Mkataba wa Huduma unavyotaka, ruhusa ya kustaafu ilikuwa imesainiwa. Kikao hakikuhitajika, wala mandazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na sisi wenyeji wa meli hii tumeanza kuwaza ni nani mwingine alipe nauli.

Kwa kumtendea haki Mkurugenzi, ruhusa ile iliambatana na ombi lake dogo kwamba Mzee Joram abaki hadi mwisho wa Novemba "ili kukabidhi". Amekabidhi. Hakuna wa kukabidhiwa, kwa hiyo ameukabidhi muhuri kwa droo. Ameacha stempu zimepangwa, sanduku limepakwa rangi, na maelezo ya kazi yote kwa ule mwandiko unaosomeka. Tunamshukuru kwa uaminifu wake, ambao ulitukera na tutaukosa sana. Tunamshukuru Mama Akello kwa kutukopesha mtu wake kwa muda mrefu kuliko tulivyostahili.

Neno la mwisho kwa wageni waalikwa. Ratiba iliyochapwa baada ya wasifu huu inaonyesha hotuba ya Mkurugenzi. Programu hii mliyoishika mkononi ameiidhinisha mwenyewe, na tunajua husaini bila kusoma, ndiyo maana tunasema hapa bila hofu: tumesikia kwamba katika hotuba hiyo atamwomba Mzee Joram atusaidie kwa miezi michache tu, mpaka kamati ikae. Wafanyakazi tumekubaliana. Akifika kwenye maneno "miezi michache", tutasimama wote na kuanza kuimba. Tafadhali simameni nanyi, imbeni kwa nguvu hata kama wimbo hamuujui, na muwaachie nafasi katikati, mpaka mlangoni, Mzee Joram na mkewe. Mzee wetu, wewe usigeuke kuangalia nani anakuita. Mshike mkono nyar Kano, uende nyumbani, na Mungu awape siku nyingi za kula pamoja mezani pasipo chuma katikati yenu.

Salme Idd
Mapokezi, kwa niaba ya wafanyakazi wa MV Nyar Nam