Mwanapili Amepata Choo

Kijiweni kwa Mbwana muuza kahawa, nyuma ya soko la Ukunda, siri hailali. Basi Chande, dereva wa tuk-tuk, alipowanunulia wenzake kahawa asubuhi ile, sababu aliisema waziwazi: bintiye Mwanapili, aliyekuwa akifunga choo tangu mwaka jana, sasa anakwenda haja kila siku bila kulia, na leo amerudi chuoni kwa maalimu kusoma Kurani.

Kila mtu akajipa ushindi. Garama, waliyembandika jina la Daktari kwa kuwa aliwahi kulinda lango la zahanati, akasema ni yale mapapai aliyoagiza yeye mtoto alishwe. Kavumbi, fundi wa mabomba, akambeza: tumbo ni bomba tu, na yeye ndiye aliyeshauri mtoto awe anarukaruka. Garama hakukubali kushindwa, akauingiza na mwezi. Eti ukiandama, matumbo yote ya pwani hulegea.

Chande alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Alijua ni dawa ya kulainisha choo, maji, mboga, na kumkalisha msalani kila baada ya chakula, miguu juu ya kibao, pasi na kumkaripia.

— Dawa sasa iache, akasema Garama. Mtoto amepona, wamnywesha ya nini?

— Siachi. Hospitali wamesema ni ya miezi.

— Utamzoesha, akadakia Kavumbi. Matumbo yatakuwa mavivu.

Hapo Chande akapandwa na hasira. Akawakumbusha kuwa maneno hayohayo walimwambia yeye mwezi wa Ramadhani, naye kwa ujinga wake akayafuata. Choo kikafunga tena, kikarundikana tumboni hata kile chepesi kikawa chapenya pembeni chenyewe. Mtoto akajichafua mbele ya wenzake, wakamcheka, akaapa chuoni hakanyagi tena. Na wao, mabingwa wa kijiwe, wakasema ni deko.

Kadzo, mgeni pale sokoni, alikuwa amekuja na chupa yake kununua kahawa. Akauliza kwa upole:

— Samahanini, kaka zangu. Siku hiyo nguo zake alizifua nani kati yenu?

Kavumbi akainamia kikombe. Garama akajikuna shingo.

— Nilizifua mimi, akasema Chande, huku nalia. Dawa siachi.



Adhuhuri akaenda na tuk-tuk kumchukua bintiye chuoni. Zamani Mwanapili alikuwa wa kwanza kutoka, mkoba ameukinga nyuma, kichwa chini. Leo alikuwa uani akikimbizana na wenzake, jasho likimtoka, akicheka kwa sauti. Akamwona babake, akapunga mkono.

— Baba, ningoje kidogo.

Chande akazima injini. Abiria wa Ukunda nzima nao wangoje.