Vidonge vya Apiyo

Mwaka ule wa El Nino, lori la kubeba majani ya chai halikuja Jumatatu wala Jumanne. Jumatano barabara ya Kapsoit ilikuwa tope tupu, na Chepyegon, karani wa kituo chetu cha kununua chai, akapiga marufuku kuchuma. Ndiyo maana saa nne asubuhi tulikuwa tumekaa kwa benchi ya Janeffer, muuza chai, vikombe mkononi, tukimjadili Apiyo, mke wa Okeyo wa kiwandani. Mimba yake ya miezi saba ilikuwa imeharibika Jumapili. Sasa alikuwa wodini, damu imepungua vibaya, na hospitali haikuwa na damu ya kumwongeza. Aliyeongoza maneno ni Kipkurui, tunayemwita Shahidi kwa sababu hakuna jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Siku hiyo alinichosha kabisa.

— Hizo vidonge za kliniki Apiyo alipewa ni feki, alisema Shahidi. Mimi niliona. Rangi inatoka kwa mkono.

— Ziko hivyo, Janeffer akajibu. Hata mimi nilipewa nikiwa na mimba ya Rodah. Ni za kuongeza damu.

— Kuongeza? Zinakausha! Wanataka tusizae.

— Wewe uko na watoto tisa, Karani akamwambia.

— Basi damu imeenda wapi? Kuna gari inapita hapa haina namba. Mashetani wananunua damu ya watu. Kwani unafikiri hii chai inakuwa nyekundu na nini?

Hakuna aliyecheka. Janeffer alitazama birika lake.

Mwisho wa benchi alikaa mwanamke mwenye gambuti, buti za mpira, mgeni aliyekuwa akingoja gari la kwenda mjini.

— Damu ya huyo mama niliipima mimi, akasema. Naitwa Sellah, niko maabara ya hospitali. Hakuna mtu alinyonya kitu. Seli zake ni ndogo, zimepauka. Mwili umekosa madini ya chuma.

— Na hiyo chuma ni ya nini? Karani akauliza.

— Seli changa ya damu inatengeneza protini ya kubeba hewa, na hiyo protini lazima ishike chuma. Chuma ikikosekana, kuna mlinzi ndani ya seli anafunga kazi mwanzo kabisa. Maagizo yako, vifaa viko, lakini protini mpya haianzishwi. Ikitengenezwa bila chuma itajazana tu na kuharibu seli.

— Kama mimi na majani, akasema Karani polepole. Lori hakuna, nikakataza kuchuma. Yataoza bure.

— Hivyo hivyo. Huyo mlinzi hana makosa. Lakini mkikatazwa mwezi mzima, mtakula nini?

Karani aligeuka akatazama barabara.

— Sasa mimi nashindwa, Sellah akaendelea. Vidonge vyenyewe ni chuma. Alikuwa anameza kweli?

— Kila siku! Janeffer akasema. Hapa hapa mbele yangu. Okeyo alikuwa anamleta akitoka shifti, anahesabu hadi kimezwe. Bwana mzuri hivyo sijaona.

— Alikuwa anameza na nini?

— Na chai. Ya rangi, kali. Okeyo alisema maji ya mto iko na homa.

Sellah alifumba macho kidogo.

— Chai inashika chuma huko tumboni. Nyingi inatoka nje bila kuingia kwa damu. Malaria pia ilimmaliza, si chai peke yake. Lakini hizo vidonge karibu zote zilipotea.

Kila mmoja wetu aliweka kikombe chini. Moyo uliniuma, maana mimi pia niliwahi kumsifu Okeyo pale pale: huyo ndiye mwanaume.

— Bwana yake anajua? Sellah akauliza.

Kabla hatujamjibu, Okeyo alitokea akipanda kutoka kiwandani, tope hadi magotini, thamosi kwapani. Alikuwa hajalala, lakini alitusalimu mmoja mmoja kwa mkono.

— Janeffer, nijazie nimpelekee Apiyo wodini. Ya rangi, kali kabisa. Daktari ameongeza vidonge, anameza mara tatu. Nimemwambia safari hii damu itarudi.

Janeffer alichukua thamosi. Alitutazama sote, na sote tukatazama tope. Birika lilikuwa motoni, limejaa, linatoa mvuke.

— Chai imeisha, akasema.

Okeyo alilitazama birika, kisha vikombe vyetu vilivyojaa, kisha mashamba ya chai yaliyotuzunguka pande zote.

— Imeisha? Hapa?