Vigingi Vyekundu vya Kanyaruchinya

Mgeni rasmi, Papa Mheshimiwa, Mkuu wa Tume ya Viwanja vya Takataka,

KARIBU
Sisi wakaaji wa bloki ya saba ya kambi hii ya Kanyaruchinya tunakukaribisha. Pole kwa vumbi, pole na kwa harufu. Harufu hiyo si yetu, tutaieleza. Wewe ni wa nne kuja kuhusu kiwanja hiki. Watatu waliokutangulia walipiga picha, wakaandika, wakaenda. Tumechoka kupigwa picha.

TULIVYOFIKA
Tulikimbia vita kutoka Bunagana mwaka 2022, tukajenga vibanda vya maturubai ya shitingi juu ya mawe ya volkano. Mwezi wa tatu mwaka huu mafundi wenu walileta vigingi, wakavipaka rangi nyekundu na namba, bila kusema ni vya nini. Mheshimiwa, kambini namba ikiandikwa karibu na kibanda, watu wanajua chakula kinakuja. Mama Philomène aliwauliza, "Papa, hii namba ni ya unga?" Wakamjibu, "Mungoje, mutaambiwa."

Basi tukang'oa vibanda, familia mia mbili na kumi na mbili, tukasogea ndani ya vigingi ili tusikose. Wazee tuliwabeba mgongoni. Siku ya tisa ndipo tukaambiwa kwamba hapa ni kiwanja cha kujengea kiwanda cha takataka za mji mzima, nasi ni wavamizi.

Kosa ni letu, tunalikubali. Lakini jamani, mtu ana njaa, mnamwandikia namba halafu mnanyamaza?

MAFANIKIO
Tumechimba vyoo kumi na vinne kwa nyundo, maana jembe haliingii kwenye jiwe. Mafanikio mengine hatuna.

MATATIZO
Kiwanda hakijajengwa, lakini makamio, malori ya taka kutoka mtaa wa Majengo, yameshaanza kumwaga. Dereva ukimuuliza anasema, "Mama, mimi niliona kibao cha kumwaga taka." Uchafu uko mita thelathini tu kutoka kwenye matangi yetu ya maji. Watoto wanaharisha, Mheshimiwa. Jambo hili linatuuma, na linatukasirisha.

MAOMBI
Kiwanda hatukikatai. Mji umejaa uchafu, tunaona. Papa Barthélemy, mponda mawe wa siku nyingi, anajua machimbo ya zamani ya mawe, kilomita sita kutoka hapa: njia ya kamio ipo, watu hawapo. Aliwaeleza wenzako mara mbili, wakamjibu kwamba hayamo kwenye ramani. Tunaomba akupeleke ukayaone kwa macho yako kabla hujaweka jiwe la msingi. Leo, si wiki ijayo.

Na ukiamua kuliweka hapa hapa, ujue kwamba shimo lililochongwa asubuhi kwa ajili ya jiwe hilo liko ndani ya jiko la Mama Apolline. Yumo humo na watoto wake watano, amekataa kutoka. Sisi hatutamtoa. Piga hodi, Mheshimiwa, umwambie wewe mwenyewe.

Mungu akulinde njiani, akupe na moyo wa kusikia.

Ni sisi, wakaaji wa bloki ya saba, Kanyaruchinya.
Imesomwa na Mukamazimpaka Charline, mwandishi wa bloki.