Pompe Ilikufa, Miye Nikaandika Salamu

Musinipigie makofi. Mara ya mwisho mulinipigia makofi mu chumba hii, mutu aliumia. Prezida wa komite yetu ameniomba nitoe ushuhuda, basi nitautoa vile iko, na ule atachukia, mulango iko wazi.

Wageni hawanijue. Nilikuwa sekretere wa hii komite, ya watu waliokimbia vita kutoka Djugu na wenyeji wa Ngezi wanaokaa nao. Pompe ya maji ya site, kambi yetu ya wakimbizi, ilikufa, mukaniambia: Sekretere, andikia wakubwa. Redio ilisema amani imerudi, lakini kule mutoni, fasi wamama walianza kuteka, kulikuwa bado watu wa bunduki. Kila bidon ya maji ilikuwa na woga ndani.

Nikafungua ordinatere, kompyuta yangu. Ndugu zangu, nawaambia, niliandika email ya paji tano, kurasa tano nzima! Nilianza na Guvernere, nikafuata na washauri wake, na mashefu wa mitaa, kila mutu na cheo yake, juu siye tunaogopa sana kumuruka mukubwa. Kisha historia ya komite. Kisha shukrani. Pompe ilikuwa ku paji ya ine, katikati, kama mutoto amejificha nyuma ya kitanda. Na ku paji yetu ya internete nikaweka foto gani? Siye wakubwa wa komite, na makoti na karavati, tai ku shingo, tunachekelea.

Jibu ikakuja kutoka ofisi moja: "Tumepokea salamu zenu kwa furaha. Mukaze moyo." Nikaisoma hapa mbele yenu, kifua juu. Na nyinyi mukafanya nini? Mukapiga makofi! Weye muzee wa pale, usiangalie chini, weye ulisimama kabisa. Hakuna hata mutu moja aliuliza maji iko wapi.

Juma ile ile mama moja, sitataja jina yake, alishuka mutoni. Wale watu wakamupiga ku mukono na kitako ya bunduki. Mukutano iliyofuata akaingia, mukono imefungwa na kitenge, akasimama nyuma kule. "Sekretere, ile email yako, uliomba nini?"

Nikaanza kutafuta ombi mu ile email, paji kwa paji. Yo! Paji tano, na sikuwa nimeomba kitu.

Hapo mukanigeukia, wale wale wa makofi. Mukanitukana, mukaniita mujinga wa karavati, mukaninyanganya kazi. Nilikaa nyumbani majuma mbili na kasirani. Niliwachukia, sitaficha, na hata leo haijaisha yote.

Kisha nikabeba ordinatere nikaenda kwa ule mama. Hakunikaribisha.

"Umekuja kufanya nini?"

"Mama, sema, miye niandike."

Akasema bila kukaa: "Pompe yetu imekufa. Tukishuka mutoni, wanatupiga. Mututumie fundi mbele ya siku ya posho, ile ya kugawa chakula." Nikangojea. Akaniangalia. "Unangojea nini? Imeisha."

Nikauliza, na salamu? "Utawapa salamu siku maji itatoka."

Tukaandikia mutu moja tu, ule mukubwa wa servisi ya maji mwenye kutuma mafundi. Neno yake ya kwanza, pompe imekufa, ikakuwa kichwa ya email. Ku internete nilitaka kuweka uso yake, akakatala: "Wale wa mutoni wako na telefoni pia." Kweli, sikuwa nimefikiri ile. Nikaondoa foto ya makoti yetu, nikaweka ya pompe imevunjika, maneno yake juu kabisa, na chini fasi ya kubonyeza, ili kila mutu atume ombi ile ile kwa ule mukubwa. Nikazunguka Ngezi nyumba kwa nyumba, hata kwa wale walinitukana, nikiwaomba waongeze mustari moja ya kwao. Mwalimu moja akaandika juu ya watoto wanaochelewa masomo kwa sababu ya kuteka maji mbali. Mama moja muchuuzi, alihamia hapa kutoka Butembo, akaketi mu duka yake na kusukuma kila mununuzi abonyeze. Siku ya tano fundi alifika na vyombo vyake, maji ikatoka. Siku ya posho ilikuwa kesho yake.

Aksanti kwa ule mwalimu, aksanti kwa muchuuzi. Aksanti hata kwenu mulionifukuza, juu bila ile haya mulinipa ningebaki na karavati yangu. Na ule atashika kalamu ya hii komite nyuma yangu, anisikie: mbele ya kuandika, uende kwa ule anaumia, umuulize anaomba nini, na ile uiweke juu. Wakubwa wataishi bila salamu zako.

Ule mama iko hapa ndani. Vidole ya mukono yake ya kuume haijifunge vizuri mpaka leo. Bidon anaibeba na kushoto. Maneno yale alikuwa nayo mu kinywa tangu siku pompe ilikufa. Nyumba yake iko ya tatu kutoka yangu, na siku ile sikupiga hodi.