Mwalimu Aliyegeuza Shavu

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alizaliwa na baka jeusi lililofunika shavu lote la kushoto.

Alianza shule mwaka 1958. Wenzake wakambandika jina la Ramani, na mwalimu wake, kwa nia njema kabisa, akamhamishia dawati la nyuma ili wasimwone wakamcheka. Alisoma kwa kukaza macho mpaka darasa la saba, na bado akafaulu. Lakini jambo hilo lilimuuma. Tangu hapo, kila alipopigwa picha aligeuza shavu.

Alihitimu ualimu mwaka 1972, akawa mwalimu mkuu mwaka 1988. Kanuni yake ilikuwa moja: anayechekwa hahamishwi. Anayecheka ndiye hubeba dawati lake mpaka mlangoni kwa mwalimu mkuu, na mzazi wake huitwa. Mzazi mmoja alikuja juu: "Mwalimu, watoto ni watoto!" Marehemu akamjibu, "Na huyu anayelia chooni, yeye ni mzee?"

Mwaka 1976 aliolewa na fundi saa, shemeji yetu huyu mcheshi. Shemeji alipoulizwa habari ya lile baka la mkewe alisema, "Mwenye ramani hapotei." Walijaliwa binti mmoja na wana wawili.

Mwaka 1994, siku ya picha ya shule, msichana mwenye mabaka meupe usoni alijibanza nyuma ya warefu. Marehemu akamwita, "Njoo hapa kati, mama." Mtoto akasema, "Mbona na wewe mwalimu unageukaga?" Walimu wakainamisha vichwa. Marehemu alicheka mpaka akafuta machozi, akamshika mkono, wakaitazama kamera wote wawili.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Wiki za mwisho alimwagiza binti yake: "Kwenye ratiba ya mazishi yangu wekeni picha ile ya shule. Mkiweka ya ubavu, nitarudi niwabebeshe madawati." Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu watano. Yupo pia yule msichana, sasa mama wa watu, ambaye leo familia imemketisha mstari wa mbele.

Tazameni jalada la ratiba hii. Alale kwa amani dada yetu, uso wake ukitutazama.