Siku Nilipoitwa Mwizi wa Shairi Langu

Asalaam aleikum, dada zangu wa chama. Na nyinyi wa Bwana asifiwe, karibuni sana. Leo nasema Kiswahili ili asikose mtu kunielewa. Kikipinda mahali, kinyoosheni wenyewe.

Wengi wenu mnanijua kwa harusi. Mimi natunga buraanbur, yale mashairi yetu ya wanawake wa Kisomali: mmoja anatoa sauti, wengine wanapiga ngoma na makofi, na mwenye miguu myepesi anaingia katikati kucheza. Mume wangu alipofariki, kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wanangu. Garissa mjini, Bura, Dadaab, kila anayeoza binti ananipigia simu.

Sasa sikieni nilivyoanguka. Mpwa wangu aliolewa, na yeye, mashallah, ni mfupi. Wakwe wakaanza kunong'ona. Nikasimama, nikatunga palepale. Nikamwambia bwana harusi mbele ya wote kwamba bibi yake ataingia hemani bila kuinama, atakayegonga kichwa ni yeye mrefu. Watu walicheka hadi wakwe wenyewe wakashika mbavu. Mtu akarekodi kwa simu. Sikumkataza, tena nilifurahi.

Shairi likaingia kwenye memori kadi za sokoni, kisha mtandaoni. Jamaa zangu wa Hadado wakanipigia kunipongeza. Lakini simu za kazi zikapungua. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, kuna mama nilimpigia kuuliza kazi, akanijibu hivi: "Abaayo, dada yangu, tumeshakuweka kwenye spika, kwa nini tukusumbue?"

Na kumbe kulikuwa na jambo baya zaidi. Aliyeliweka mtandaoni alibandika picha ya mwanamke mwingine, mrembo kweli, na jina lake. Mimi sikujua, kwa sababu mambo ya mtandao nilikuwa nayaachia watoto.

Nikaitwa harusi moja Bura. Nikaanza shairi lile, na kabla sijafika kati, mgeni mmoja akasimama na simu juu. "Wacha! Huyu ameiba! Shairi hili ni la huyu hapa!"

Ngoma ikanyamaza. Mama wa bibi harusi akanishika mkono kwa upole. "Abaayo, kaa tu ule." Halafu wakawasha spika. Nikakaa mbele ya sahani ya wali, nikisikiliza sauti yangu mwenyewe ikiimba, na watu wananitazama kama mwizi. Mnacheka? Chekeni, leo nami nacheka. Siku hiyo niliiacha sahani, nikatoka.

Nikaacha kuimba. Nikaweka meza ya maziwa ya ngamia kando ya barabara. Wateja wakija wanapimiwa maziwa huku wanaimba shairi langu kwa midomo iliyofungwa, nami nafunika mtungi.

Aliyenitoa hapo ni rafiki yangu anayenipigia ngoma. Alisikia redioni kwamba sheria za hakimiliki zimekazwa, na anayeuza kazi ya mwenzake bila ruhusa anaweza kushtakiwa. Akaja mbio.

"Inuka twende sokoni."

"Nani ataniamini?"

"Mimi nilikuwa napiga ngoma siku ile. Ama na mikono yangu pia ni ya yule mrembo?"

Akawakusanya wenzetu wa makofi, tukaenda hadi kwenye kibanda kinachouza nyimbo. Spika ilikuwa inaimba shairi langu. Mwenye kibanda ni kijana mwenye adabu.

"Habaryar, mama mdogo," akaniambia, "mwenye wimbo huu yuko ng'ambo. Mimi nanunua kwa wenzangu tu."

"Zima kidogo."

Akazima. Wenzangu wakaanza makofi, nami nikatoa sauti. Wallahi, sikujua kama bado ipo! Watu wakasimama na vikapu vyao. Nilipofika mwisho wa ile rekodi sikusimama, nikaendelea na beti ambazo simu haikuzichukua, zile za mama mkwe na kikaango. Soko likaangua kicheko. Mama mmoja muuza hina akapaza sauti, "Sauti ni moja! Huyu ndiye mwenyewe!" Kijana wa kibanda akashika kichwa.

Hapo ubishi ukaanza. "Afungwe, sheria sasa ni kali!" wengine wakasema. Wengine wakauliza, "Akifungwa, nyumbani kwao watakula nini? Kazi ziko wapi?" Mwanamume mmoja akaniambia, "Mama, bila hawa vijana, nani angekusikia kule Banissa?"

Nikamjibu, "Banissa walimsikia mrembo. Mimi nilikuwa nauza maziwa."

Lakini sikumpeleka kijana polisi. Nilimwangalia nikaona hakunijua, na angenijua asingefanya vile. Tukakaa chini, tukakubaliana: kazi yangu ataiuza kwa ruhusa yangu, kwa jina langu, na pesa tutagawana. Na ni yeye mwenyewe aliyenionyesha jinsi ya kupeleka malalamiko mtandaoni hadi ile rekodi yenye picha ya mrembo ikaondolewa. Kisha tukaenda kusajili hakimiliki ya mashairi yangu. Yule mama wa Bura naye, habari zilipomfikia, alinipigia kuomba radhi, nikaimba harusi ya binti yake wa pili kwa shairi jipya kabisa.

Kwa hiyo namshukuru Mwenyezi Mungu, kisha rafiki yangu wa ngoma, ambaye hakunipa pole hata mara moja, alinipa amri. Nawashukuru nyinyi wa chama hiki mliokuwa mkinunua maziwa hata siku ambazo hamkuyahitaji. Niliwaona.

Neno langu ni hili. Wewe unayetunga, unayebuni michoro ya hina, unayesuka mikeka kwa mtindo wako, usiseme ni kitu kidogo tu. Kasajili. Na wewe unayenunua wimbo, uliza ni wa nani, uhakikishe mwenyewe anapata chake. Kuuliza hakuchukui muda, na huko nyuma kuna mwanamke analea watoto kwa hayo maneno.

Nimemaliza. Sogezeni viti tupate uwanja wa kucheza, wenzangu wa makofi wameshachoka kunisubiri.