Nani Atamsainia Aikande?

Benchi letu la Majengo lina watu wanaojua kila kitu isipokuwa kufanya kazi, na nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Liko mbele ya fremu tupu ya duka ya Mzee Valerian, mahali pikapu za ndizi kutoka Marangu na Rombo zinaposhusha mzigo. Mimi nakaa pembeni na sindano yangu na viatu vya watu, ndiyo maana wananiita Soli. Yupo Filemon, tunamwita Forodha, ambaye zamani alikuwa akivusha sabuni na vitenge kwa njia za panya kule Tarakea, mpakani na Kenya. Biashara ilipokuja kuruhusiwa, akakosa cha kufanya. Yupo Denis, Redio Mbao, hakosi habari hata siku moja na hajawahi kuleta ya kweli. Na yupo Mzee Valerian mwenyewe, mwenye ufunguo wa fremu. Jumamosi moja ya mwaka tisini na nne, saa nne asubuhi, muuza kahawa ndiyo kwanza anatumiminia, akatokea Aikande wa Marangu. Nyuma yake kulikuwa na mkokoteni umejaa maboksi ya spea za magari.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, tukaitikia wote, hata Denis ambaye hapishani naye hata miaka miwili.

— Baba, nimekuja kuchukua fremu, akamwambia Mzee Valerian. Kodi nimeleta kama tulivyokubaliana.

— Kodi sina neno nayo. Mwanaume wa kusaini yuko wapi?

— Wa kusaini nini?

— Mkataba, binti. Fremu haichukuliwi na msichana peke yake. Lete baba yako, au mume, au huyo kaka yako wa magari. Saa saba anakuja bwana mmoja wa mitumba, yeye anajisainia. Ukichelewa, nampa.

Huyo kaka wa magari ni Eliamini. Moshi nzima inamjua, alikuwa anakimbiza Datsun nyekundu kwenye mashindano ya magari. Pembeni yake, miaka sita, alikaa huyuhuyu Aikande, kofia ngumu kichwani na daftari mapajani, anamsomea kona moja baada ya nyingine: kushoto kali, daraja, kulia, mawe. Ilikuwa starehe yao ya Jumamosi na Jumapili, mpaka mchungaji akawahi kuulizia kwa nini hawaonekani kanisani. Sasa Eliamini kapata kazi Dar, Datsun imeegeshwa migombani, na dada yake kaamua starehe igeuke duka.

— Kaka yangu haji, alisema Aikande. Na hata angekuwepo, nisingemleta.

— Ebo! Kwa nini?

— Kwa sababu makombe yote sita yako sebuleni kwa baba, na yote yana jina lake tu. Duka hili litakuwa na langu.

Redio Mbao akapiga kofi pajani.

— Umesikia huyo! Mzee, usimpe. Mimi nina habari. Magari yanayokuja sasa hivi kutoka Japani hayaharibiki. Ikifika mwaka elfu mbili, hakuna gari litakalohitaji spea. Mafundi wote watarudi kulima.

— Nani kakuambia?

— Mtu wa bandarini.

— Huyo mtu wa bandarini amewahi kupanda na gari mpaka Rombo? aliuliza Aikande.

— Anatoka Tanga.

— Basi mwambie aje apande, halafu tuongee.

Nilicheka, kahawa ikanipalia. Lakini na mimi nina mdomo, na siku ile haukunisaidia. Nikamwambia kwa upole, kama mtu mwenye busara, kwamba angefikiria vitenge au vyombo vya nyumbani, vitu anavyovitumia mwenyewe. Akanigeukia.

— Fundi Soli, hivyo viatu vya kike unavyoshona, huwa unavivaa?

Nikainamia sindano yangu. Forodha alicheka hadi akashika mbavu, kisha akajiweka sawa ili naye atoe yake.

— Tatizo si mwanamke wala mwanaume, alisema. Tatizo ni kwamba spea ya kweli iko ng'ambo ya Tarakea, na ikivuka mpaka kihalali inaharibika. Nimeona kwa macho yangu. Bolti niliyoipitisha migombani ilikaa miaka kumi. Bolti iliyopigwa mhuri ilikatika wiki ileile. Chuma hakipendi mhuri.

— Bolti gani ilikatika? aliuliza Aikande.

— Ya pikapu niliyopanda mwaka jana, tumebeba maharage.

— Ilikatikia wapi?

— Kule juu, Mwika.

— Kabla ya daraja la pili au baada?

Forodha akakuna kidevu.

— Baada.

— Mkasikia kitu kinagonga chini, ko, ko, ko, halafu gari likaanza kwenda upande.

— Nani kakuambia?

Aikande akachomoa daftari kwenye mfuko wa gauni. Lilikuwa limelowa oili mpaka kurasa zinaonyesha upande wa pili. Akafungua, akasoma kwa ile sauti ya kwenye mashindano, haraka na bila kupumua.

— Mwika, daraja la pili, toka kulia, mawe matatu, usiguse breki. Hapo pembeni nimeandika: senta bolti ya springi imekatika, mara tatu. Kila kona niliyomsomea Eliamini, niliandika na kilichokatika. Mteremko wa Kilema unamaliza breki. Kupanda Marangu na mzigo kunaunguza klachi. Barabara ya Rombo inakula bushi na shokapu. Wenye maduka mjini wanaagiza spea kwa kukisia. Mimi najua kabla dereva hajafika. Na dereva wa ndizi akishusha hapa, anataka spea hapahapa, si atembee mpaka stendi ndizi zikiiva juani.

Hata muuza kahawa alisimamisha birika. Kusema kweli nilisisimka, maana miaka yote nimesikia watu wakisema barabara mbaya, na sijawahi kuona mtu aliyekaa akauandika ubaya wenyewe, kona kwa kona.

Lakini kijiwe chetu hakina aibu.

— Hapo umekosea, alisema Redio Mbao. Si kona. Ule mlima ni sumaku.

— Sumaku?

— Kilimanjaro chote. Ndani ni chuma kitupu. Gari likipanda, mlima unalivuta bolti kwa bolti. Ndiyo maana linaungurumia palepale haliendi.

— Kama linavutwa na mlima, lingepanda haraka, alisema Aikande.

Redio Mbao akamkonyeza Forodha. Forodha akaja kumwokoa.

— Kuna sumaku ya kuvuta na kuna ya kusukuma, bwana! Na mimi nakuongezea. Ni mrututu. Baba zetu wamepiga mrututu kwenye kahawa miaka arobaini. Mrututu ni shaba. Mvua imeuosha, umeshuka barabarani, vumbi lote lile mnaloliona ni dawa ya kahawa. Inakula springi taratibu.

— Mae! alisema Mzee Valerian, akaweka kikombe chini. Kumbe ndiyo maana hata meno yangu yameisha.

— Baba, alisema Aikande, tuache meno. Nipe fremu.

— Nikupe vipi? Madereva watakuja kukutazama wewe, hawatanunua kitu.

— Waje wanitazame mpaka wachoke. Wakimaliza, gari litakuwa bado bovu, na spea ninayo mimi.

— Na wakikudhulumu?

— Nimekaa kwenye gari linaloteremka Kilema bila breki, kaka yangu analia, mimi nasoma. Huyo dereva wa kunidhulumu atakuja na kitu gani?

— Mimi nataka sahihi ya mwanaume, basi! Ndiyo utaratibu. Mwenye kusaini anajulikana ni nani, ukoo wake unajulikana, kesho nikidai najua pa kwenda.

— Kwetu Marangu unakujua. Umekula kiburu cha ndizi kwa mama yangu.

— Sijakataa kiburu. Nimekataa sahihi.

Jua lilikuwa limeanza kukaza, maboksi ya kwenye mkokoteni yanaanza kulegea gundi. Msukuma mkokoteni akauliza kama ashushe au ageuze. Aikande akamwambia, Hugeuzi. Lakini niliona mkono wake umekamata daftari kwa nguvu, na macho yameanza kuwa mekundu. Nilimwonea uchungu. Nikaendelea kushona, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Hapo ikafika pikapu ya mwisho kutoka Rombo, akateremka Mama Mektrida, mke wa Mzee Valerian na mama yake Hellen, kanga kiunoni, mikono imejaa utomvu wa migomba. Wengine hatukuwahi kumwona kijiweni hata mara moja. Yeye husimamia ndizi zake sokoni, saa sita anarudi nyumbani.

— Shikamoo, mama, alisema Aikande.

— Marahaba, mwanangu. Baba Hellen, huyu mtoto amesimama juani anangoja nini?

— Anangoja mtu wa kumsainia, Mama Hellen. Anataka fremu.

— Hana kodi?

— Kodi anayo.

— Ni mwizi?

— Si mwizi. Ila yuko peke yake, hana mwanaume wa kusaini.

Mama Mektrida alifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, akaangalia ukuta wa fremu toka chini mpaka kwenye bati. Akauliza swali moja, bila kupandisha sauti.

— Mwaka ule kahawa yako ilipokosa bei, ukalala kitandani ukisema tumekwisha, nikauza ndizi na maziwa, nikanunua matofali haya gari kwa gari, nani alinisainia?

Mzee Valerian akashika kikombe. Kilikuwa kitupu, lakini alikipeleka mdomoni.

— Nauliza ili nijue. Labda yupo nimemsahau. Forodha?

Forodha alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

— Wewe Denis, unajua mambo ya Japani na ya bandarini. Nani alinisainia?

Redio Mbao, mtu ambaye sijawahi kumwona amekosa neno tangu tuwe watoto, akatikisa kichwa. Mama akanifikia mimi. Nikasema, Mama, sijui. Na ni kweli, nilijua kila kitu kuhusu fremu ile, nilijua mpaka fundi aliyepiga bati, lakini sikuwahi kujua kwamba ilijengwa na ndizi. Kwetu kahawa ni ya baba na ndizi ni za mama. Nyumba ikijengwa, hatuulizi imetoka shamba lipi, tunasema ya baba.

Mzee Valerian akatoa karatasi ya mkataba mfukoni, akainyoosha juu ya goti. Alitafuta kalamu muda mrefu kuliko mfuko wenyewe ulivyo mrefu.

— Sasa niandike nani? aliuliza.

— Uliza mwenye duka, alisema mama.

— Andika Aikande, alisema binti. Andika kubwa, isomeke kutoka barabarani. Lete na kalamu, nasaini mwenyewe.

Alisaini amesimama, karatasi juu ya boksi la klachi. Halafu akasema atafungua Jumatatu, akishapaka chokaa.

— Jumatatu ya nini? alisema Mama Mektrida. Pikapu niliyokuja nayo inavuja breki tangu Kilema. Fungua.